Mpangaji Anapiga Kalenda: Maswali ya Wenye Nyumba Toleo Hili

Jamani toleo hili ni la wenye nyumba. Wapangaji mliozoea kuniandikia kuhusu wenye nyumba wakorofi tulieni kwanza, zamu yenu inakuja. Meseji zimeingia kuanzia Iringa mpaka Tunduma na karibu zote zinafanana, mtu anadai kodi ya miezi mitano, sita, ukimuuliza mwezi ule wa kwanza ulimwambia nini anakujibu nilimuonea aibu. Aibu hiyo ndo inakula hela zenu kuliko hata huyo mpangaji. Nimechagua sita, nimezipunguza kidogo, majina nimeyatoa.

Shikamoo aunti. Mi ni mjane nipo Uyole nina vyumba vinne vya uani ndo vinanisaidia ada za watoto. Kuna mpangaji mmoja anafanya biashara ya viazi, anakusanya anapeleka Dar, alikua analipa vizuri tu miezi sita sita, chumba elfu 40. Tangu kodi iishe hajalipa tena, nikimuuliza mara mzigo umekwama, mara bei imeanguka, mara wiki ijayo mama, sasa ni miezi mitano na asubuhi anatoka saa kumi na moja ili nisimuone. Mwanangu mkubwa kachoka anasema tung'oe bati za chumba chake atatoka mwenyewe. Na wala hatukuandikishana, tulielewana kwa mdomo. Nifanyeje aunti?

Marahaba mama yangu, pole sana. La kwanza kabisa mwambie kijana ashuke kwenye hilo bati. Najua Mbeya hii wapo waliong'oa bati, waliotoa mlango, waliomkatia mtu umeme na maji, na wengine kweli mpangaji aliondoka, lakini mvua ikinyesha kwenye godoro na redio ya mtu, au kitu chake kikipotea, siku mkifika mbele ya watu wa sheria hamna atakayeongelea laki mbili zako, wataongelea bati. Wewe unayedai ndo unageuka unayedaiwa. Kumtoa mtu kwa nguvu ni kazi inayofanyika kwa amri, na amri haitoki kwako wala kwa mwenyekiti wa mtaa.

Hilo la kutoandikishana lisikutoe jasho sana. Upangaji wa muda mfupi hata wa mdomo unatambulika kisheria, shida yake ni ushahidi tu, kesho akisema kodi ni elfu 30 na alishakulipa miezi miwili mkononi utabaki unaapa. Kwahiyo kazi yako ya wiki hii ni kupata karatasi. Usimvizie asubuhi, mtu anayekimbilia mzigo saa kumi na moja hana maneno ya maana ya kukupa. Mtafute jioni au Jumapili, muite mjumbe au balozi akae pembeni kama shahidi, na usianze kwa kugomba. Muulize kitu kimoja, mwanangu, unaweza kuendelea kukaa hapa au huwezi? Akisema anaweza, aandike kwa mkono wake mwenyewe: mimi fulani, namba yangu ya NIDA hii, nakiri nadaiwa kodi ya chumba kuanzia mwezi fulani mpaka mwezi fulani, jumla shilingi 200,000, nitalipa kiasi hiki tarehe hizi. Anasaini, unasaini, mjumbe anasaini, mnapiga picha kila mmoja anabaki nayo kwenye simu. Hapo umetoka kwenye maneno.

Sasa hizo tarehe, mama, usimpangie mwisho wa mwezi kama mwalimu. Huyu hana mshahara wa tarehe 25, hela yake inatoka pale mzigo ukishauzwa, na unavyojua viazi, leo gunia lina bei kesho soko limejaa kila mtu analia. Muulize anapakia lini na Dar wanamlipa baada ya siku ngapi, panga deni lifuate hiyo kalenda, elfu 50 kila mzigo ukirudi mpaka liishe, na kodi ya mwezi unaoendelea iwe pembeni isichanganywe na deni. Wenye nyumba wengi mnakosea hapa, mnamkaba mtu siku ambayo hana halafu siku anayo mpo msibani Tukuyu.

Alafu nikuambie kitu ambacho wengi hawapendi kusikia. Hii ya miezi sita kwa mpigo inawafurahisha mkiipokea lakini inaficha, mtu anaweza kufilisika mwezi wa pili na we unakuja kujua mwezi wa saba. Kwa chumba kimoja mi napendelea miezi mitatu, unamuona mtu anavyoyumba mapema.

Akisema hawezi, au asaini kisha aendelee kukuzungusha, hapo ndo inakuja notisi. Iandikwe, siyo ya mdomo getini: tarehe, jina, anadaiwa shilingi ngapi za miezi ipi, mpe siku 30, na useme wazi asipolipa mkataba umeisha na anatakiwa aondoke. Nakala mbili, moja asaini kwamba kapokea. Akigoma kusaini mjumbe aandike hapohapo kwamba kagoma, na itume pia kwenye WhatsApp yake, ile tiki ya bluu nayo ni shahidi. Angalizo hapa, ukishampa notisi halafu akakuletea hela, pokea, ila kwenye risiti andika ni ya deni la miezi gani, la sivyo kesho anasema mama alipokea kodi mpya kwahiyo notisi ilishakufa.

Notisi ikiisha yupo tu? Nenda Baraza la Kata. Lakini uende ukijua hili, tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 baraza la kata halitoi hukumu tena kwenye mambo ya ardhi na nyumba, linasuluhisha tu, ukisikia mtu anasema kata watamtoa kwa nguvu amepitwa. Wanawakalisha, mkielewana vizuri, mkishindwa wanakupa hati kwamba usuluhishi umeshindikana, na hata zikipita siku 30 hawajamaliza una haki ya kwenda mbele. Mbele ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, hao wanasikiliza kesi na kutoa amri, na amri ikitoka dalali wa baraza ndo anakuja kumtoa, sio mwanao. Siyo lazima uwe na wakili, watu wanajisimamia kila siku, na kama kuandika madai kunakutisha kuna wasaidizi wa kisheria wilayani ambao hawatozi hela, uliza ofisi ya maendeleo ya jamii watakuelekeza.

Ila kabla hujafika huko piga hesabu. Chumba cha elfu 40 kikikaa kwenye kesi miezi sita ni laki 2 na 40 zingine hazijaingia. Kama unaona kabisa huyu hana kitu, mwambie nakusamehe nusu, leta laki moja utoke mwisho wa mwezi, muandikishane, ufunguo mkononi. Mwanao ataona umeonewa lakini chumba kitakua na mtu mwingine anayelipa.

Kamwene aunti! Mi nina nyumba Njombe mjini mpangaji wangu kila mwezi akilipa kodi anapunguza 1,500 anasema serikali imemkata kwenye LUKU. Hii si deni hili?

Kamwene mwanangu. Hapana sio deni, ana haki. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye LUKU kwasababu ndo njia rahisi ya kuikusanya, kwa nyumba ya kawaida ni hiyo 1,500 kwa mwezi yaani elfu 18 kwa mwaka, ya ghorofa inahesabika kivingine. Yeye kanunua umeme kakulipia wewe. Mwambie atunze meseji za LUKU mwisho wa mwaka mnahesabu mara moja, kuliko kununiana kila mwezi kwa 1,500.

Aunti habari. Nina hosteli ndogo ya vyumba kumi huku Iyunga, wapangaji ni wanafunzi wa chuo. Ikifika mwezi wa saba wanamaliza mitihani wanaondoka usiku na madeni. Mwaka huu watatu wamekula kona, mmoja chumba alikodi yeye ila walikua wanalala watatu, namtafuta yule aliyesaini anasema hela walikua wanatoa wenzake. Nimefikiria mwakani niwe nashikilia vyeti vyao au kitambulisho mpaka walipe. Unasemaje?

Vyeti vya watu usiguse kaka yangu. Cheti sio mali ya kuweka rehani, na mtoto akikosa kazi au usajili kwa ajili ya cheti ulichofungia kabatini, mzazi wake atakufuata na polisi. Kitambulisho piga picha, andika namba, mrudishie.

Wanafunzi sio wapangaji wabaya, tatizo mnawapangisha kama watu wa kazini. Hela ya mwanafunzi ina misimu miwili tu, siku anayotoka nyumbani na siku bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, linaingia. Siku anatoka nyumbani mzazi kampa hela ya chumba mkononi, hapo chuo kinafunguliwa, wa Rungwe kauza ndizi, wa Mbozi kauza kahawa kwa ajili hiyo, ukichukua muhula mzima siku hiyo umemaliza. Ukimwambia leta mwezi mmoja mwingine tutaona, ile hela nyingine inaenda kwenye simu mpya na viatu, hata we ulikua mwanafunzi. Bumu nalo halina tarehe ya uhakika kwahiyo usiandike kwenye mkataba tarehe 1, andika ndani ya siku tano tangu bumu lisomeke, wao wenyewe wataambiana kwenye magrupu yao na wewe utasikia kelele mtaani kabla hujaambiwa.

Halafu mzazi. Kabla hujatoa ufunguo mpigie mzazi mbele ya mtoto, jitambulishe, mwambie kodi ni kiasi gani na inaisha lini, na jina lake liwe kwenye mkataba kama mdhamini, asaini kama kamsindikiza mwanae, kama hayupo atume meseji ya kukubali. Nakuhakikishia mtoto ambaye mama yake ana namba yako hatoroki usiku.

Kuhusu chumba kimoja watu watatu, wote watatu wasaini, na andika kwamba kila mmoja anawajibika kwa kodi yote, siyo theluthi yake. Ukiacha mmoja asaini wengine ni wageni wake tu na huna la kuwadai. Weka na dipoziti ya mwezi mmoja, hiyo sio kodi ya mwezi wa mwisho kama wanavyopenda kuigeuza, ni ya bili ya maji iliyobaki, kioo kilichopasuka na kitasa. Umeme LUKU inajimaliza yenyewe lakini maji bili inakuja nyuma na ipo kwa jina lako, mtu kashafika kwao Sumbawanga we unakatiwa maji.

Hao watatu wa mwaka huu usiwasahau. Deni la kodi halifi haraka, sheria ya ukomo inakupa miaka 6 ya kudai. Tuma meseji ya kistaarabu kwa kila mmoja na kwa mzazi, taja kiasi, omba ajibu tu anakubali anadaiwa. Akijibu naomba nivumilie nitalipa, hifadhi hiyo meseji vizuri sana.

Mimi nipo Mafinga nina fremu mbili za biashara. Mpangaji mmoja ana ofisi ya mbao, kodi ni 150,000 kwa mwezi analipa miezi sita. Safari hii badala ya laki 9 kaniwekea 810,000 kwenye benki, namuuliza elfu 90 iko wapi ananiambia ni TRA. Huyu si ananiibia mchana kweupe? Nataka nimfungie fremu.

Usifunge! Weka kufuli chini tuongee. Mfanyabiashara akilipa kodi ya pango ya fremu anatakiwa akate asilimia 10 aipeleke TRA, inaitwa kodi ya zuio, na asipokata TRA wanamshika yeye. Asilimia 10 ya laki 9 ni elfu 90, hesabu yake imenyooka. Hiyo hela ni kodi yako wewe ya kipato cha fremu, yeye kabebeshwa tu kuipeleka.

Kitu cha kumbana nacho ni kimoja, cheti. Akishalipa TRA anatakiwa akupe cheti cha kodi ya zuio chenye jina lako na TIN yako, na wewe unakionyesha kwenye mahesabu yako. Amekata na cheti hana, mwezi wa kwanza anasema mhasibu kasafiri, wa pili mtandao uko chini, sasa hapo ndo kuna wizi na una haki ya kudai elfu 90 yako au cheti. Wapo wajanja wanakata halafu wanaila. Na kwenye mkataba unaofuata andikeni mapema kodi ni 150,000 kabla ya kukatwa zuio, msije mkagombana tena kila baada ya miezi sita. Mkataba wenyewe ulipie ushuru wa stempu, wengi mnaona ni hela ya bure lakini siku ya kesi mkataba usio na stempu unaweza kukataliwa usipokelewe kama ushahidi mpaka ulipiwe kwanza, tena na faini juu.

Kamwene aunti, shikamoo. Baba yetu alifariki mwaka jana akatuachia nyumba Kihesa, Iringa, mimi naishi Dar. Ndani kuna mzee, mwalimu mstaafu, alikua rafiki wa baba, kakaa humo miaka mingi. Tangu msiba hajalipa kodi hata mwezi mmoja. Nimempigia mara moja nikashindwa hata kusema, nikaishia kumsalimia na kuuliza afya. Kaka yangu anasema tumpe notisi kupitia wakili. Mi naona ni kumdhalilisha mzee.

Kamwene, marahaba mwanangu, poleni na msiba. Barua yako nimeirudia mara kadhaa kwasababu najua mnaona tatizo ni mzee, mi naona tatizo limeanzia kwenu. Hebu nijibu, ni nani aliyemwambia huyo mzee baada ya msiba alipe kwa nani? Alikua anampa baba yenu mkononi, baba kafa, watoto mpo watatu wanne mikoa tofauti, akimpa mmoja mwingine atasema hajapewa. Mzee mwenye akili zake anakaa na hela anasubiri aone nani ni nani. Siapi kwamba ndivyo ilivyo, inawezekana pia kaona mwanya, ila nimekutana na kesi za namna hii nyingi tu na mara nyingi ni hivyo.

Na kisheria kaka yako hawezi kuanza na wakili kama hamjafungua mirathi. Nyumba ni ya marehemu, mwenye sauti ya kudai kodi, kutoa notisi au kwenda barazani ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Wewe kuwa mtoto haitoshi, hata ukiwa mkubwa. Mkienda Baraza la Wilaya bila barua ya usimamizi mnarudishwa mlangoni na mzee atakua ameshinda bila kufungua mdomo. Kaeni kikao cha familia, chagueni mtu, andikeni muhtasari, nendeni Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo. Ukipenda awe kaka yako wa Iringa maana wewe upo mbali, basi iwe hivyo, lakini awe mmoja.

Msimamizi akishapatikana, mzee asipigiwe simu. Kodi ya miezi hiyo yote haisemwi kwenye simu kwa mtu aliyemzika baba yako. Mtafuteni mtu wa rika lake, baba mdogo au mzee wa kanisani wanaeheshimiana, aende naye msimamizi, waende mchana, wasalimie vizuri, yule wa rika lake ndo aanze maneno, mwalimu watoto wameweka mambo ya baba yao sawa, msimamizi ni huyu, hii ndo barua yake, na kodi kuanzia sasa inaingia kwenye akaunti hii. Halafu mkae kimya. Hamna haja ya kutaja deni mlangoni, atalitaja mwenyewe, na akilitaja mumuulize analimaliza vipi. Pensheni ya mstaafu inaingia kila mwezi, ni mtu anayeweza kulipa kidogo kidogo bila kuumia, tofauti na yule wa viazi pale juu.

Na akikaa miezi miwili baada ya hapo hajatoa kitu wala neno, mpeni notisi kama mpangaji mwingine yeyote, ya siku 30, kwa maandishi, kwa lugha ya adabu. Heshima mlishampa. Mwambie kaka yako pia kwamba kama wakati wa baba kodi ilikua ya urafiki, elfu 50 kwenye nyumba ya laki na nusu, deni mnalodai ni la hiyo elfu 50, hamuwezi kupandisha halafu mkadai kwa bei mpya miezi ya nyuma.

Aunti nipo Tunduma. Mpangaji kafunga chumba na kufuli lake kaondoka miezi mitatu sasa, simu haipatikani, wengine wanasema yuko Zambia. Vitu vyake vimo ndani. Naweza kuvunja nikapangisha mtu mwingine?

Usivunje peke yako, hata kama hasira inakuchemsha. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, toa taarifa kwa maandishi kwamba mpangaji haonekani tangu lini na anadaiwa kiasi gani, kisha toa taarifa polisi, maana hujui kama mtu kapotea, kafungwa au kakimbia, na hujui ndani kuna nini, mpakani pale mtu anaweza kuhifadhi kitu kitakachokuingiza wewe matatani. Bandika notisi mlangoni, ipige picha, tuma kwenye namba zake zote hata kama hazipatikani, na mtafute yule ndugu aliyemuandika siku anaingia. Kama hukumuandikisha ndugu wa karibu, kwa mpangaji ajaye anza na hilo.

Kama hajajitokeza mpaka notisi imeisha, pita Baraza la Kata kisha la Wilaya upate amri ya kukirudisha chumba chako. Siku ya kufungua wawepo mtendaji, mjumbe na polisi ikiwezekana, andikeni kila kilichomo mpaka sufuria, wote wasaini, vitu vikae sehemu salama. Usiviuze ujilipe. Kitanda unachokiona cha elfu 80 akirudi atasema kilikua cha laki 4 na chini ya godoro kulikua na kwacha.

Maswali yaliyobaki kuhusu kodi ya mashamba, hasa nyie wa Mbarali mnaokodisha majaruba ya mpunga kwa malipo ya magunia, nitayajibu toleo lijalo. Nitumieni na picha ya mkataba kama upo.